Albin Vega 27: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu boti yangu ya matanga

Nina Vega ya mwaka 1972. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba inaelea nje kidogo ya Göteborg, pwani ya magharibi ya Sweden. Miezi iliyobaki iko nchi kavu, imesimamishwa kwa magadi, yaani miti ya kuiegemeza, na kufunikwa turubai, nami naenda kuijulia hali kama mtu aendaye kumwona mgonjwa. Kila nikituma picha kwenye kundi la familia, maswali yanamiminika. Vijana wa Tanga wanataka kujua inakimbia vipi. Waswahili wenzangu wa Oslo na Hamburg wanawazia kununua ya kwao. Na yupo mjomba wangu wa Pangani, nahodha mstaafu wa jahazi, ambaye hasifii chombo mpaka kwanza aambiwe habari za farumi, ule uzito unaowekwa chini ya chombo kisipinduke. Majibu yote nimeyaweka hapa.

Vega ni boti gani hasa?

Ni boti ya matanga ya kusafiria, ya faiba, yenye mlingoti mmoja na matanga mawili. Ilichorwa na Msweden Per Brohäll na kuundwa na kampuni ya Albin tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi 1979. Ziliundwa takriban 3,450, idadi kubwa mno kwa boti ya aina moja. Albin wenyewe walianza kama watengenezaji wa injini huko Kristinehamn mwaka 1899. Boti zilikuja baadaye sana, na hilo lielewe sasa kwa sababu litaturudia kwenye swali la injini.

Wakati ule faiba ilikuwa bado kitu kigeni, na mafundi hawakuwa na hakika unene gani unatosha. Wakaongeza. Ndiyo maana boti za umri huo bado zipo majini wakati wenzao wa mbao wameshakuwa kuni.

Vipimo vyake ni vipi?

Kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) ni mita 8.25, yaani futi 27 na inchi moja. Mstari wa maji, ile sehemu inayolala majini boti ikiwa imetulia, una urefu wa mita 7.0. Upana ni mita 2.46. Kina, kutoka uso wa maji hadi chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, mita 1.17. Uzito wa boti tupu kilo 2,300, na katika hizo kilo 915 ni farumi. Eneo la matanga ni kama mita 30 za mraba, na hesabu hubadilika kufuata ukubwa wa tanga la mbele.

Utazame upana huo. Boti za leo za urefu huu hukaribia mita tatu, kwa sababu wanunuzi wanataka sebule. Vega ni nyembamba, na karibu kila tabia yake, nzuri na ya kuudhi, inaanzia hapo.

Farumi ni mawe mangapi, na mnaiweka wapi?

Swali la mjomba, kwa simu, kabla hajauliza hata boti nimeinunua kiasi gani.

Si mawe. Ni chuma cha kusubu kilichowekwa ndani ya mkuku na kufunikwa faiba, kwa hiyo ukiingia ndani hukioni. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mkipakia mzigo, farumi mnaitupa wapi?" Nikamwambia haitupwi. "Kwa hiyo, mwanangu, mnabeba chuma siku zote na mzigo hambebi kamwe."

Ndivyo hivyo. Katika jahazi farumi ni kitu cha muda: chombo kikiwa kitupu unatia mawe au mchanga ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ukipata shehena unaishusha, shehena yenyewe inakuwa uzito. Vega inabeba asilimia 40 ya uzito wake katika mkuku maisha yake yote, kwa kazi moja tu, kuirudisha wima pale upepo unapoilaza. Faida ya kufungiwa ndani ya faiba ni kwamba hakuna boliti za mkuku za kuliwa na kutu. Hasara ni kwamba ukigonga mwamba na faiba ikapasuka, maji yanakifikia chuma, chuma kinavimba, na hapo umepata kazi ya majira mawili ya baridi. Ukienda kukagua Vega ya kununua, lala chali chini yake, gonga mkuku kwa mpini wa bisibisi, usikilize. Sauti inayobadilika kutoka "ko" kwenda "bo" ulizia imetokana na nini.

Mbona inalala ubavu haraka hivyo? Nusura niombe kushushwa.

Hili linaulizwa na kila mgeni, na ndilo ningependa lisomwe kwa makini kuliko yote.

Vega inalala mapema. Upepo wa noti kumi (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) unatosha kuiinamisha hadi vikombe vianze kutambaa mezani. Mgeni anashika chochote kilicho karibu na kuhesabu: kama upepo mdogo umetufikisha hapa, mkubwa utatufikisha wapi? Jibu ni kwamba utatufikisha mbele kidogo tu. Boti nyembamba yenye tumbo la mviringo haina ubishi mwanzoni, kwa sababu haina mabega mapana ya kukanyagia maji. Lakini inavyozidi kulala ndivyo chuma cha mkuku kinavyochomoza upande wa pili na kuvuta kwa nguvu zaidi. Ikifika nyuzi ishirini na kitu inagoma. Unaihisi kabisa: upepo unavuma, boti inatikisika, hailali zaidi.

Boti pana za kisasa ni kinyume chake. Zinasimama wima kwa ukaidi, kisha zikizidiwa usukani unatoka majini na omo inageuka bila kukuuliza.

Ila kugoma kwake kusikudanganye. Vega inayokwenda ubavu chini inaonekana ina mbio, maji yanachemka pembeni, kila mtu kalowa na kafurahi, kumbe haina mwendo. Omo inavuta kuelekea upepo, usukani unageuka breki, boti inateleza kando. Dawa ni kupunguza tanga mapema kuliko unavyodhani.

Nilijifunza nikirudi kutoka Skagen, ncha ya Denmark, kwenda Marstrand, safari ya maili thelathini na kidogo. Tuliondoka na upepo wa noti 14. Saa sita mchana ulikuwa 22, na mimi kwa ujinga wa mtu mwenye boti mpya sikutaka kugusa kitu. Kana, mkono wa usukani, nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili, mguu nimeukaza kwenye benchi la mbele, na kipimo cha mwendo kinasoma noti 5.6. Mwenzangu, ambaye hakuwahi kusafiri na matanga hata siku moja, akauliza kwa upole kwa nini napigana nayo. Tukapunguza tanga kuu. Niliporudi kwenye kana niliishika kwa vidole viwili. Kipimo: 6.1. Tanga limepungua na mwendo umeongezeka. Sijabishana na boti hiyo tena.

Kwa vitendo: kama una tanga kubwa la mbele, anza kulibadilisha upepo ukifika noti 15. Ukifika 18, punguza tanga kuu. Na kana ikianza kukuchosha mkono, usingoje kusoma kipimo.

Tanga kuu linapunguzwaje?

Kwa mtindo wa zamani, kulizungushia kwenye mti wake wa chini kama mkeka. Pale mti unapokutana na mlingoti kuna mahali pa kuingiza mkono wa chuma. Unalegeza jarari, kamba ya kupandishia tanga, kidogo kidogo huku unazungusha. Ni kazi ya mtu mmoja na haina vikamba vingi. Lakini tanga linatoka na mikunjo na tumbo kubwa, na ncha ya mti inashuka mpaka inakutafuta kichwa. Wengi wameacha mtindo huo na kufunga kamba za kuvuta tanga chini mkunjo kwa mkunjo. Mimi nilibadilisha mwaka wa pili na sina majuto.

Kasi yake ya juu ni ipi?

Noti 6.4, na si suala la ushujaa. Chombo kizito kikitembea kinazaa wimbi lake chenyewe, na wimbi hilo linarefuka kadiri mwendo unavyoongezeka. Likifikia urefu wa mstari wa maji, boti inakuwa imekalia bonde, omo kwenye kilima kimoja na tezi kwenye kingine, na kupanda kile kilima cha mbele kunataka nguvu ambayo matanga hayana. Hesabu yake: chukua urefu wa mstari wa maji kwa futi, hapa 23, tafuta mzizi wake wa pili, zidisha kwa 1.34. Wimbi zuri likikusukuma kutoka nyuma unaweza kuona 8 kwa nukta chache na kupiga kelele.

Kupanga safari, mimi nahesabu noti 4.5.

Na ndiyo, ngalawa nzuri ya Bagamoyo upepo wa kusi ukiwa umekaa sawa itaniacha. Ngalawa haina farumi, ni nyepesi, inasimama kwa matengo yake ya pembeni badala ya chuma. Ila ngalawa haina jiko wala choo.

Inabisha vizuri, yaani inakwenda kuelekea upepo unakotoka?

Vizuri kiasi. Wanaokwenda na dau au jahazi wajue kwanza tofauti ya msingi. Tanga letu la pembe tatu linaning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu wa juu, na kugeuza upande maana yake ni kumpa upepo tezi na kuihamisha foromali kuzunguka mlingoti, kazi ya watu kadhaa na kelele nyingi. Vega haina foromali. Unasukuma kana, omo inakatiza upepo, tanga kuu linahama lenyewe, unaachia demani (kamba ya kuongozea tanga) ya tanga la mbele upande huu na kuivuta upande ule kwa winchi. Mtu mmoja, nusu dakika, kimya.

Kuhusu pembe, hesabu nyuzi 45 kutoka upepo wa kweli kama bahari imetulia. Haipendi kubanwa. Ukiilazimisha joshi, upande wa upepo, zaidi ya hapo inaendelea kuelekea unakotaka kwa macho tu, huku inateleza kando. Iachie nyuzi tano, ikimbie, utafika mapema. Ubaya wake mkubwa ni mawimbi mafupi yaliyosimama, yale ya Kattegat, bahari kati ya Sweden na Denmark, upepo ukibishana na mkondo: ni nyepesi kwa boti ya mkuku mrefu, kwa hiyo wimbi la tatu au la nne linaisimamisha kabisa na inabidi uanze upya. Boti nzito hupasua. Sisi tunagonga hodi.

Na upepo ukitoka nyuma?

Inakwenda mrama, kushoto, kulia, kushoto. Usiache sahani mezani. Ukisimamisha tanga la mbele kwa mti upande wa pili wa tanga kuu inatulia. Kwa upepo wa ubavuni haina mpinzani wa umri wake. Unaweza kufunga kana kwa kipande cha mpira ukaenda kuchemsha chai.

Ndani wanalala wangapi?

Karatasi zinasema wanne: wawili kwenye kitanda cha pembetatu cha omoni, wawili kwenye makochi ya katikati. Mimi nasema wawili wanaopendana na mmoja asiyekoroma.

Kati ya omo na sebule kuna choo upande mmoja na kabati la nguo upande wa pili. Jikoni kumegawanywa na ngazi ya kuingilia, sinki huku, jiko kule, kwa hiyo mpishi anasimama chini ya ngazi na kila anayetaka kutoka lazima aombe njia. Nina sentimita 170 na nasimama wima bila taabu. Shemeji yangu wa 185 anatembea kama anaswali. Jiko langu ni la spiriti, halina haraka. Wali unaiva. Chapati zinaiva pia, ukiwa umetia nanga na huna miadi.

Injini yake ikoje? Nimesikia haina gia.

Umesikia kweli. Hapa ndipo utaona kwamba boti hii iliundwa na watu wa injini.

Vega za mwanzo zilikuja na injini ya petroli ya Albin, O-21, ya silinda mbili. Za baadaye zikapewa dizeli ya Volvo Penta, MD6A, silinda moja, nguvu farasi kumi, mlio wake kama cherehani iliyoangukiwa na nazi. Nyingi ziliunganishwa na mfumo uitwao Combi. Ekseli ya propela inazunguka upande mmoja wakati wote, na kinachogeuka ni mabapa ya propela. Ukisukuma mkono wa injini mbele, mabapa yanakaa kwa pembe ya kusukuma mbele, katikati hayasukumi, ukivuta, yanasukuma kinyume. Ukizima injini na kutweka matanga, unayalaza yafuate maji yasikuburute.

Ni akili nzuri sana, nami naipenda, ila inataka grisi na subira. Ina vipande vinavyosogea chini ya maji ya chumvi, na vikilika mabapa yanaanza kutetereka. Usinunue boti yenye Combi bila kuona mkono ukifanya kazi zote tatu, injini ikiwa inawaka na boti imefungwa gatini. Mabaharia wengi wamechoka nayo na kuweka dizeli mpya yenye gia ya kawaida.

Kama ni petroli bado: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujikusanya ngamani. Fungua, nusa, washa feni ya kutoa hewa, subiri, ndipo uwashe injini. Usiruke hatua hata siku ya mvua.

Kurudi nyuma kwa injini ni bahati nasibu, Combi au gia. Mkuku mrefu hausikii usukani ukienda kinyumenyume. Panga namna ya kutoka gatini kabla hujaingia.

Magonjwa yake makubwa ni yapi?

La kwanza ni boriti ya chini ya mlingoti. Mlingoti wa Vega haushuki hadi kwenye mkuku. Unasimama juu ya sitaha, na chini ya sitaha kuna boriti inayobeba mzigo wote. Waya zinavuta kutoka juu, mlingoti unakandamiza kwenda chini, miaka hamsini, na boriti inapinda. Dalili hazihitaji fundi. Weka rula ndefu juu ya sitaha miguuni pa mlingoti uone kama kuna bonde. Halafu ingia ndani, funga mlango wa choo. Mlango ukikwama juu, fremu yake imebanwa na boriti iliyoshuka, na waya utakazokaza leo zitakuwa zimelegea kesho kutwa. Yangu ilikuwa hivyo, na muuzaji alikuwa ameshaupiga mlango randa ili ufunge. Alama za randa ndizo zilizomuumbua. Nilishusha mlingoti wakati wa baridi, nikaweka jeki ya gari juu ya ubao sakafuni, nikainua robo mzunguko kwa siku, wiki tatu, kisha nikaongeza mbao mpya kwa epoksi na vipande vya chuma kisichoshika kutu. Mlango sasa unafunga na pengo la juu linaonekana, lile lililoliwa na randa.

La pili ni kuvuja pale mwili na sitaha vinapokutana. Maji hayaingii unapoyaona. Yanaingia omoni, yanasafiri nyuma ya makabati, yanatokea kwenye kochi. Mpira wa madirisha nao umri umeutafuna. Hivi havizamishi boti, vinaharibu ndoa.

La tatu ni dogo lakini linachekesha. Mashimo ya kutolea maji pale mnapokaa nyuma yapo juu kidogo tu ya usawa wa bahari. Boti ikibeba mizigo mingi na watu watatu wanene wakakaa tezini, maji yanapanda kwa mashimo hayohayo na kulowesha viatu. Mara ya kwanza nilidhani tunazama. Mhamishe mtu mmoja aende mbele.

Nyufa ndogondogo za jelikoti, ile ngozi ya nje inayong'aa, ni mikunjo ya uso, si ugonjwa.

Imewahi kwenda mbali kweli, au ni boti ya visiwani tu?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mnorwe Jarle Andhøy alikwenda na Vega yake, Berserk, hadi Antaktika. Na Mmarekani Matt Rutherford aliondoka Annapolis, Maryland, mwezi Juni 2011 peke yake na Vega iitwayo St. Brendan, akapita njia ya barafu ya kaskazini mwa Kanada, akashuka Pasifiki, akazunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, akarudi alikotoka Aprili 2012. Siku 309 bila kuingia bandari yoyote, zaidi ya maili 27,000. Alikuwa anachangisha fedha kwa ajili ya mpango wa kuwapeleka watu wenye ulemavu baharini na boti za matanga katika ghuba ya Chesapeake.

Gawa maili hizo kwa siku hizo: 87 kwa siku, yaani chini ya noti nne. Watu wakisoma habari ya Rutherford wanaona ushujaa. Mimi naona mtu aliyekubali kwenda polepole.

Ila msinunue Vega leo mkaelekea Cape Horn keshokutwa.

Ikipinduka?

Baada ya dhoruba ya mbio za boti za matanga za Fastnet, Uingereza, za mwaka 1979, zilizoua wanamashindano 15, wataalamu walitunga hesabu rahisi inayolinganisha upana wa boti na uzito wake. Jibu likiwa chini ya 2, boti inahesabiwa kuwa haina hatari kubwa ya kupinduka na kubaki imepinduka. Vega inapata 1.88. Wembamba uleule unaowatisha wageni ndio unaoleta namba hiyo. Hata hivyo hesabu haisemi lolote kuhusu mlango wa kuingilia ulioachwa wazi. Maji yakijaa ndani, kilo 915 za chuma zinajua njia moja tu.

Ingefaa pwani yetu?

Kwa upepo, naam. Kusi na kaskazi ni pepo za adabu, zinajulikana miezi yake, na zikikupiga ubavuni, huo ndio mwendo wa Vega. Kilifi, Tanga na Msasani utakuta boti za ukubwa huu zimetia nanga. Na chango, yule mdudu anayekula mbao za mashua, faiba haili.

Shida ni maji kujaa na kutoka. Boti hii ilizaliwa kwenye bahari ambayo haitoki. Hapa Göteborg naiacha gatini mwezi mzima, narudi naikuta kwenye kimo kilekile, na mpaka leo mtoto wa Tanga ndani yangu hajaizoea hali hiyo. Kwetu siku za bamvua maji Unguja hushuka karibu mita nne. Ukitia nanga jioni ukiona maji yamejaa, alfajiri mkuku wa mita 1.17 uko juu ya matumbawe na boti imelala ubavu. Inawezekana kuisimamisha juu ya mchanga kwa magadi mawili, mkuku wake ni mrefu wa kutosha kukalia. Lakini lazima upange, usingoje ikupate.

Jambo jingine ni joto. Wasweden walichora chumba cha kuhifadhi joto, madirisha hayafunguki. Ungehitaji matundu mawili ya hewa na kitambaa cha kivuli juu ya sitaha, ama ulale nje.

Bei?

Chini ya unavyodhani, na hiyo ndiyo hatari. Zipo zinazotolewa karibu bure kwa sababu mwenyewe amezeeka na ada ya gati inamla. Tazama injini na matanga kwanza. Kuvinunua hivyo viwili vipya kunapita bei ya boti nzima.

Vega au Folkboat?

Folkboat, boti nyingine ya matanga ya Sweden, ya 1942, iliyochorwa mwishowe na Tord Sundén, ni nzuri kuliko Vega kwa kuitazama na kwa kuiendesha. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni chuma cha mkuku, na katika wimbi la omoni inatuacha. Lakini ndani yake unaishi kwa magoti. Kama unasafiri peke yako na mgongo ni mzima, nunua Folkboat. Kama una mke, mume au watoto, nunua Vega.

Mjomba amewahi kuipanda?

Mara moja, alipokuja kumwona mjukuu, mwezi Juni. Alipanda akiwa amevaa koti la mvua la mke wangu, akaizunguka sitaha yote huku anagusa kila waya kwa ukucha na kuusikiliza, akakaa joshini, akapewa kana. Saa nzima hakusema kitu. Upepo ulikuwa kama noti 12, kipimo kinasoma 5.2. Kisha akaniambia, "Legeza demani, kiasi cha mkono." Nikalegeza. "Rudisha vidole viwili." Nikarudisha. Kipimo kikapanda hadi 5.5 na kukaa hapo. Akaomba uzi, nikampa mwekundu wa kushonea matanga, akaufunga kwenye demani pale pale kamba inapoingia kwenye kapi. Nimeshabadilisha kamba hiyo mara moja tangu hapo, na uzi nimeuhamisha.